Tujue Haki Zetu, sehemu ya 4: Mshahara wa dada ulitoka wapi?

Mama mwenzangu, siku zako 84 za uzazi zikiisha mtoto unamwachia nani? Wengi wetu tunamwachia dada. Basi leo tuongelee mshahara wake, maana nao una historia.

Hapa Tanzania, mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Taasisi za Kazi. Ndiyo iliyoweka bodi za mishahara: wafanyakazi, waajiri na serikali wanakaa meza moja, wanapendekeza, halafu Waziri anatoa amri. Amri ya 2013 ilimpa dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida angalau shilingi 40,000 kwa mwezi. Januari 2023 ikawa 60,000, na asiyelala hapo 120,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizia kipya ofisi ya kazi.

Akipunjwa, afisa kazi anaweza kumwamuru mwajiri alipe, na dada anaweza kupeleka shauri CMA. Lakini jamani, kiwandani mkaguzi anaingia. Jikoni kwako nani anaingia? Humo ndani sheria inakutegemea wewe.

Na kumbuka, hicho ni kima cha CHINI. Ukiweza zaidi, mpe. Anayembeba mwanao anastahili.