KISWAHILI: Aya bora hupangwa kabla ya kuandikwa

AYA ni fungu la sentensi linaloshughulikia wazo moja kuu. Takriban kila mwanafunzi wa shule ya upili anaujua ufafanuzi huu, ila wanaouzingatia wanapoandika insha si wengi. Mtahiniwa husoma swali, akakurupuka kuandika, na afikapo katikati ya ukurasa hajui tena aya yake inaelekea wapi.

Wengi husingizia uhaba wa muda. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili (102/1) huhitaji insha mbili kwa saa moja na dakika 45. Kila insha ina alama 20 na haipaswi kupungua maneno 400. Aya saba zenye maneno 60 hivi zinatosha. Anayetenga dakika saba au nane za kupanga bado husalia na zaidi ya dakika 40 za kuandika kila insha.

Mfano mzuri ni wa mwanafunzi wa Kaplong katika kaunti ya Bomet, mahali zinapokutana barabara za Kericho, Kisii na Bomet. Akiulizwa aeleze athari za mashine za kuchuma chai, huenda aya yake ya kwanza ikawa hivi:

"Mashine za chai ni mbaya sana. Watu wengi hulima chai Kericho na Bomet. Fauka ya hayo, serikali inafaa kuwasaidia vijana. Isitoshe, mashine huharibu majani."

Sarufi yake haina dosari kubwa. Tatizo ni kwamba kila sentensi imeshika njia yake, kama magari yanayoachana kwenye njia panda hiyo ya Kaplong. Viunganishi "fauka ya hayo" na "isitoshe" vimepachikwa tu. Viunganishi hivyo huongeza hoja juu ya nyingine ya aina moja, na hapa hakuna hoja iliyotangulia ya kuongezewa.

Mwanafunzi huyo angeanza kwa kuorodhesha pembeni yale anayoyajua: vibarua kukosa kazi, gharama ya uzalishaji, ubora wa majani, karo. Kisha angeunganisha yanayohusiana. Karo haistahili aya yake, kwani ni matokeo ya kukosa kazi. Kila hoja inayobaki huandikwa kwa sentensi moja kamili. Neno "kazi" peke yake si hoja, bali "Mashine zimewapunguzia vibarua kazi" ni hoja, maana inaweza kuthibitishwa au kupingwa. Hiyo ndiyo sentensi kuu, na zinazofuata huwa na jukumu la kuieleza:

"Mashine za kuchuma chai zimewapunguzia vibarua kazi. Shamba lililohitaji watu wengi wenye vikapu mgongoni sasa huchumwa na wachache. Kwa sababu hiyo, mzazi aliyetegemea ujira huo hutatizika kulipa karo. Hasira hiyo ilidhihirika Mei 2023, wakati wa maandamano ya Kericho ambapo baadhi ya mashine ziliteketezwa."

Hapa kuna dai, maelezo, matokeo na ushahidi. Suala la ubora, yaani kama mashine huweza kuchagua majani mawili na chipukizi kama afanyavyo mchumaji stadi, lingojee aya yake.

Mazoea yanayoharibu aya kuliko yote ni kukariri. Kuna wanafunzi wanaoingia mtihanini na utangulizi uliokwisha kutungwa, wenye jua linalochomoza na ndege wanaoimba, wakaubandika kwenye swali lolote, hata la barua rasmi. Methali nazo hurundikwa hata pasipohitajika. Mtoto aliyewahi kubeba majani hadi kituo cha kununulia chai ana ushahidi wa kutosha. Anahitaji kuruhusiwa kuutumia.

Kwa mwalimu mwenye darasa kubwa, ni nafuu kusahihisha aya moja kwa makini kila wiki kuliko insha nzima kwa haraka. Mpango na usahihishwe kwanza, tahajia baadaye. Kikipsigis hakitofautishi maana ya maneno kwa sauti kama k na g, au p na b, hivyo makosa ya aina hiyo ni ya kutarajiwa na yana mazoezi yake. Ukurasa uliojaa wino mwekundu kwa ajili ya herufi humfanya mwanafunzi asahau kwamba hoja yake ndiyo iliyopotea.

Njia rahisi ya kukagua insha iliyokamilika ni kusoma sentensi ya kwanza tu ya kila aya, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika insha ya hoja kama hii, sentensi hizo zikisomeka kama muhtasari unaoeleweka, mpango umefaulu. Mbili zikisema jambo lilelile, aya hizo ziunganishwe. Iwapo moja haihusiani na swali, aya nzima hukatwa, hata kama ndiyo yenye lugha tamu zaidi.