Mlango Unaofunguka Polepole

Skrini inakuwa nyeusi. Katikati ya giza unatokea mlango mmoja, kitasa kinazunguka, bawaba zinalia, na ubao unasogea taratibu kuelekea ndani. Halafu chumba. Mara nyingi ni kitupu. Anayecheza leo hii Resident Evil, mchezo wa kutisha wa 1996, atauona mlango huo mara nyingi mno kabla hajatoka kwenye jumba la Spencer, na hata akiwa amekariri kila zombi amesimama kona gani, vidole bado vitakaza kwenye padi.

Mlango ule ulizaliwa na shida. PlayStation ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 2, na diski yake ilisomeka kwa kasi ya kilobaiti 300 hivi kwa sekunde. Piga hesabu: kuijaza kumbukumbu yote kulihitaji sekunde kama 7. Kila chumba kipya kilikuwa lazima kisomwe kutoka kwenye diski, na katika sekunde hizo mchezaji asiachwe akikodolea macho kioo kitupu. Watengenezaji wake, Capcom, wakampa mlango. Mashine inahangaika kusoma, yeye anadhani anatishwa, na kweli anatishika.

Nimeicheza michezo ya kutisha ya aina hii kwa kuchelewa, kama walivyoicheza wengi wa rika langu, miaka na miaka baada ya kutoka kwake. Kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sehemu kubwa ya hofu yake ilitokana na ufukara wa mashine. Ndiyo maana kuicheza baadaye, kwenye kompyuta isiyojua njaa ya kumbukumbu, ni jambo gumu kuliko linavyoonekana.

Kisa hiki kina nyanya yake. Desemba 1989, Capcom hao hao walitoa kwenye mashine ya Famicom mchezo unaoitwa Sweet Home, chini ya uongozi wa Tokuro Fujiwara, ukienda sambamba na filamu ya Kiyoshi Kurosawa ya mwaka huo huo. Watu watano wanaingia katika jumba lililoachwa la mchoraji Ichirō Mamiya kupiga picha michoro yake ya ukutani. Mlango unafungwa nyuma yao. Mzimu wa mke wa mchoraji umo humo, na ana kisa cha mtoto wake aliyeungua katika tanuri.

Kimaumbile huu ni mchezo wa kuigiza wahusika: kuna mapambano ya zamu, kuna uzoefu unaopanda, kuna nguvu za sala. Ila Fujiwara aliubana. Kila mhusika hubeba silaha moja na vitu viwili, basi, pamoja na kifaa chake mwenyewe: Kazuo ana kiberiti cha gesi, Akiko ana dawa, Taro ana kamera, Emi ana ufunguo, na Asuka, msinicheke, ana mashine ya kufyonza vumbi. Kamba inayoziba njia ataichoma Kazuo peke yake. Vigae vya kioo sakafuni vinamhitaji Asuka. Hawawezi kutembea kundi moja la watu watano. Watatu ndiyo mwisho, kwa hiyo daima kuna wawili ambao umewaacha gizani mahali fulani. Na anayekufa amekufa. Hakuna kumfufua. Kazi yake sasa itafanywa na kitu kitakachookotwa humo ndani, ambacho nacho kinataka nafasi kwenye mfuko ambao tayari umejaa.

Nilikaa usiku mzima na mchezo huu, na kilichonitoa jasho hakikuwa sura ya mzimu, ambayo kwa macho ya leo ni vijidoti tu. Ni ubao. Nilikuwa na ubao wa kuvukia shimo, nikautua chini ili nibebe chupa ya dawa, nikasonga vyumba vinne mbele, na hapo ndipo nilipokutana na shimo la pili. Kurudi kuufuata ubao maana yake ni kupita tena kwenye ukumbi ambao Akiko alikuwa ameponea chupuchupu. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu, kama mtu aliyesahau pochi nyumbani na mvua inanyesha.

Mchezo huo haukuuzwa rasmi nje ya Japani. Jambo hili linaniuma kidogo, maana mashine yenyewe tuliifahamu vizuri: zile za kuiga Famicom zilifika hadi kwenye maduka ya kwetu Afrika Mashariki, pamoja na kaseti za njano zilizodai kuwa na michezo mia wakati ilikuwa saba inayojirudia kwa majina tofauti. Sweet Home haikuwamo humo, na hata ingekuwamo, ingetufaa nini ikiwa na maandishi ya Kijapani mwanzo hadi mwisho? Iliwafikia wasiojua Kijapani kwa mkono wa wapenzi, waliochimbua data ya kaseti na kuitia tafsiri ya Kiingereza waliyoifanya wenyewe bila malipo.

Fujiwara ndiye baadaye aliyempa Shinji Mikami kazi ya kutengeneza mchezo mpya wa kutisha kwa msingi wa Sweet Home. Kazi hiyo ikazaa Resident Evil. Jumba limebaki, mifuko midogo imebaki (kati ya wahusika wawili wa kuchagua, Chris ana nafasi 6, Jill 8), shajara za marehemu zimebaki, na mlango pia, kwani Sweet Home nayo ilikuwa na milango inayofunguka mbele ya macho yako. Kamera zilizofungwa kwenye kona za dari zilikuwa zimekwisha kuonekana Ufaransa mwaka 1992, katika Alone in the Dark ya Frédérick Raynal. Mikami akaongeza utepe wa wino: ukitaka kusevu, utafute taipureta, na utepe ukiisha, umeisha.

Kisha ukaja ukungu. Mwaka 1999, kikundi cha kampuni ya Konami kilichojulikana kama Team Silent kilitaka kujenga mji mzima kwenye mashine ile ile ya megabaiti 2. Mashine haikuweza kuchora barabara hadi mwisho wake. Wakaufunika mji wa Silent Hill kwa ukungu mchana na giza usiku, wakampa mchezaji tochi, na redio inayokwaruza kila kiumbe kinapokaribia. Huoni hatua kumi mbele, lakini unasikia. Miaka miwili baadaye, Silent Hill 2 ilikuja kwenye PlayStation 2, mashine yenye uwezo mkubwa zaidi, na ukungu ukabaki. Safari hii ulikuwa umeajiriwa kwa makusudi: James Sunderland amepata barua kutoka kwa mkewe aliyekwisha kufa, anamfuata mjini, na ukungu ule ni wa kichwani mwake kama ulivyo wa barabarani.

Mwaka 2012 Konami walitoa michezo ya pili na ya tatu katika toleo moja lililong'arishwa kwa skrini za kisasa. Waliopewa kazi hawakukabidhiwa msimbo wa mwisho, kwa kuwa haukuwa umehifadhiwa. Walianzia kwenye nakala ambazo hazijakamilika, hivyo wakalazimika kutengeneza upya hata makosa yaliyokuwa yameshatengenezwa mwaka 2001. Ukungu ukawa mwepesi, na penye ukungu mwepesi palionekana ncha ambako dunia ya mchezo inakatikia. Kibao kimoja cha mbao kikaandikwa kwa Comic Sans, herufi za kadi ya mwaliko wa sherehe ya mtoto. Anayejua nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar ataielewa kazi hii mara moja: ni ukuta wa mawe na chokaa uliopigwa lipu ya saruji. Siku ya kwanza unapendeza. Ila ukuta ule ulikuwa ukipumua, na sasa unyevu hauna pa kutokea.

Wapenzi wakaenda kwenye toleo la kompyuta la 2002, wakaanza kulirekebisha wao: sauti, upana wa picha, na ukungu ukarudishwa unene wake. Ukungu ambao watengenezaji wa kwanza waliutumia kuficha umaskini, hawa waliutafuta kwa jitihada ileile ambayo wengine huitumia kuuondoa. Mwaka 2024 ulitoka mchezo mpya kabisa wa kisa hicho kutoka Bloober Team wa Poland, na ni kazi nzuri kwa haki yake. Lakini hiyo ni nyumba nyingine kwenye kiwanja kile kile.

Kuna michezo ambayo tatizo lake ni karatasi. System Shock 2 ya 1999, mchanganyiko wa kutisha na kuigiza wahusika ndani ya chombo cha angani Von Braun, iliachwa yatima kampuni ya Looking Glass ilipofungwa mwaka 2000. Haki zake zikaishia mikononi mwa kampuni ya bima. Kwa miaka haikuuzwa popote. Stephen Kick, msanii wa michezo aliyekuwa safarini Amerika ya Kati, alitamani kuicheza, akaikosa, akaanza kuuliza nani anaimiliki. Kuuliza huko kulizaa kampuni ya Night Dive, na mwaka 2013 mchezo ukarudi sokoni. Mtu mmoja mwenye hamu na kompyuta ya mkononi.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mchezo wa Vampire: The Masquerade – Bloodlines. Kampuni ndogo ya Troika, iliyoanzishwa na watu watatu walioshiriki kuunda Fallout ya 1997, iliujenga juu ya injini ya Valve, na mkataba uliwazuia kuutoa kabla ya Half-Life 2 ya Valve wenyewe. Ukatoka siku moja nayo, tarehe 16 Novemba 2004. Ni kama kufungua genge la mihogo mkabala na harusi ya tajiri. Ulikuwa umejaa kasoro, haukuuzika vya kutosha, na mapema mwaka 2005 Troika ikafungwa.

Werner Spahl, mwanakemia wa Ujerumani, akaendelea kuushona viraka. Hakuwa mfanyakazi wa Troika wala wa yeyote mwenye haki. Amekuwa akitoa kiraka baada ya kiraka kwa muda mrefu kuliko Troika yenyewe ilivyoishi, na wengi wanaoucheza leo hupitia mikononi mwake. Kiraka chake kina sura mbili: moja hutengeneza kilichovunjika, nyingine hurudisha pia vitu ambavyo Troika waliviacha ndani ya mafaili bila kuvitumia. Mimi huchagua ya kwanza. Kilichokatwa huenda kilikatwa kwa sababu, na sitaki kumsomea mwandishi karatasi alizozitupa. Najua wapo watakaonipinga, na mchezo wanaujua kunishinda.

Humo ndani mna hoteli ya Ocean House. Wewe ni vampaya, una nguvu za kupasua mlango, umekwisha kuua watu. Unatumwa hotelini kuchukua kitu kimoja tu, na hakuna adui wa kupigana naye. Balbu zinapasuka ukipita. Chombo kinaruka kutoka mezani. Ngazi inakatika chini ya miguu yako. Habari za familia iliyouawa humo unazikusanya kipande kwa kipande, na takwimu zote ulizolimbikiza, nguvu, wepesi, ujuzi wa bastola, hazina kazi. Hapa ufukara ni wa kubuniwa: mchezo umekunyang'anya mfuko.

Na ni mchezo unaodai kurudiwa. Ukianza upya kama Malkavian, ukoo wa wenye wazimu, mhusika wako huropoka maneno ambayo mgeni atayaona upuuzi, na anayejua mwisho atayaona ni utabiri. Kuna wakati anabishana na kibao cha barabarani. Mara ya kwanza nilicheka.

Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti: asilimia 87 ya michezo iliyotoka nchini humo kabla ya 2010 haipatikani kwa njia ya kawaida ya kununua. Mwaka uliofuata ofisi ya hakimiliki ya huko ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwapa watafiti michezo ya zamani kwa mbali. Kwa hiyo emuleta, yaani programu za kuiga mashine za zamani, na viraka vinaendelea kufanya kazi ya makumbusho, kwenye eneo ambalo sheria haijaamua kulibariki.

Wanaoshika kaseti halisi ya Sweet Home wana tatizo jingine tena. Ndani yake mna betri ndogo, mviringo kama sarafu, inayotunza safari iliyosevuliwa. Ukibahatika kununua kaseti ambayo betri yake bado inapumua, utakuta mtu fulani wa Japani aliwaacha watu wake jumbani, wakiwa pale pale aliposimama. Betri hiyo hubadilishwa kwa pasi ya kuunga: unayeyusha risasi, unaitoa ya zamani, unaweka mpya. Mchezo unapona. Ila ukiitoa tu bila kuipa kaseti umeme kutoka nje, wale watu wanaondoka nayo. Fundi mmoja alinishauri nipige kwanza picha ya skrini.