Godiego na wimbo wa majina: Japani, 1979

Wiki hii zamu ya historia imeniangukia mimi, na nimechagua kitu ambacho wengi hamkukitegemea: bendi ya roki ya Japani. Msikimbie kwanza. Mkifika mwisho mtaona inatuhusu vipi sisi tunaoishi na majina ya kwenye karatasi.

Tuanze mbali kidogo. Redio za biashara Japani zilianza kurusha matangazo tarehe 1 Septemba 1951. Mwezi huohuo ukasikika wimbo uliotungwa kwa ajili ya kampuni ya filamu za kamera. Mtunzi alikuwa Miki Toriro, mwimbaji Haida Katsuhiko. Ajabu yake ni hii: wimbo hautaji kampuni wala bidhaa. Unasimulia tu vituko vya mtu anayependa kupiga picha huku picha zake zikiharibika. Watu wakacheka, wakauimba. Yaani tangazo lilifanya kazi bila kusema "nunua".

Tangu hapo, kutunga wimbo wa tangazo huko si jambo la aibu kwa msanii. Hata bendi kubwa hufanya. Mwaka 1994 bendi ya Mr. Children ilitoa wimbo "innocent world", uliotumika kwenye tangazo la kinywaji cha Aquarius Iota, na mwaka huohuo ukachukua tuzo kuu ya rekodi ya Japani. Wimbo wa tangazo la kinywaji, jamani!

Sasa twende kwa Godiego. Bendi hii iliundwa katikati ya miaka ya 1970. Mpiga kinanda wake, Mickie Yoshino, alisomea muziki Boston, Marekani. Takekawa Yukihide aliimba na kutunga. Asano Takami alipiga gitaa. Mpiga besi Steve Fox na mpiga ngoma Tommy Snyder walikuwa Wamarekani. Mashairi mengi yaliandikwa kwa Kiingereza na Narahashi Yoko, Mjapani aliyekulia Montreal, Kanada. Kwa hiyo lilikuwa kundi la watu waliojua maana ya kuishi katikati ya lugha mbili. Mwaka 1978 walivuma kwa nyimbo za mchezo wa runinga kuhusu Mfalme Nyani, zikiwemo "Gandhara" na "Monkey Magic".

Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza mwaka 1979 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto. Japani ilihitaji wimbo wa kuutangaza mwaka huo, na kazi ikawafikia Godiego. Hebu fikiria ungekuwa wewe. Soda unaweza kuonyesha povu lake, gari unaweza kuonyesha mwendo wake. Mtoto utamtangazaje? Njia rahisi sote tunaijua, maana tumepigwa hizo picha: mtoto analia, nzi usoni, chini yake namba ya kutuma mchango.

Godiego hawakupita njia hiyo. Wimbo wao ulitoka Aprili 1979 ukiitwa "Beautiful Name", jina zuri. Takekawa alitunga muziki, Narahashi akaandika mashairi ya Kiingereza, na Ito Akira ya Kijapani. Wazo lake ni dogo kabisa: kila mtoto duniani ana jina lake, na jina hilo ni zuri, basi mwiteni kwa jina hilo. Wimbo hauna machozi wala huruma ya kutoka juu. Unachangamka, watoto wanaweza kuuimba wakirukaruka. Kama ule wa mwaka 1951, hausemi "toa pesa". Unakuachia jambo moja kichwani, halafu unakwenda nalo nyumbani.

Na jambo hilo lilikuwa na uzito wa sheria. Mwaka 1979 ulichaguliwa kwa sababu Azimio la Haki za Mtoto la 1959 lilikuwa linatimiza miaka 20. Azimio hilo linasema mtoto tangu kuzaliwa ana haki ya kuwa na jina na uraia. Miaka 10 baada ya wimbo, ukaja Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Kifungu cha 7 kinasema mtoto aandikishwe mara tu anapozaliwa na awe na jina. Kifungu cha 8 kinataka nchi ziheshimu utambulisho wa mtoto, jina likiwemo.

Lakini historia haina upande mmoja. Nchi hiyohiyo iliyoimba kuhusu majina mazuri ilikuwa na deni la majina. Mwaka 1940, Korea ikiwa bado chini ya utawala wa Japani, Wakorea walishinikizwa kuchukua majina ya ukoo ya Kijapani. Familia nyingi mno zikabadilisha. Na mwaka huo wa 1979, wakati wimbo unapigwa redioni, watu wa Vietnam, Laos na Kambodia walikuwa wanakimbia nchi zao, wengine kwa mashua. Japani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwakubali wakae. Ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1981, na hadi mwaka 2005 ilikuwa imepokea zaidi ya 11,000 kutoka nchi hizo tatu. Kwa hiyo wimbo ulitangulia. Sheria na meza za ofisini zikaja nyuma, taratibu.

Hapo ndipo nilipoguswa. Mimi naitwa Byamungu. Mama alinipa jina hilo kwa sababu nilikuja baada ya watoto wawili kufariki, akasema haya ni mambo ya Mungu. Siku tulipovuka mpaka kulikuwa na foleni ndefu, mvua, na kijana mezani aliyechoka. Aliandika alichosikia. Nikatoka pale naitwa Biamonga. Mdogo wangu Safari, aliyezaliwa njiani, akawa Sofari. Mama hasomi, akapokea karatasi kwa mikono miwili, akashukuru.

Tulicheka miaka kadhaa. Kicheko kiliisha nilipomaliza shule. Cheti kinasema Byamungu, karatasi ya familia inasema Biamonga. Nikaomba ufadhili wa masomo, nikaambiwa hawa ni watu wawili. Kusahihisha kulichukua miezi saba, na nafasi ikapita. Simlaumu yule kijana wa mezani. Swali moja tu lingetosha: "Mama, hili jina linaandikwaje, na lina maana gani?"

Ninyi wafanyakazi wa misaada mnaotusoma, hilo ndilo ombi langu. Kabla hamjabonyeza kitufe, lisomeni jina kwa sauti, mwenyewe alisikie. Halichukui hata dakika. Na ninyi wenzangu, kaeni na wazazi mwandike majina ya nyumbani yote, herufi kwa herufi, kwenye daftari. Mkiona kosa, nendeni mapema, msisubiri mtihani kama mimi.

Godiego walipewa kazi ya kutangaza mwaka mmoja tu. Mwaka ukaisha, wimbo bado unaimbwa Japani hadi leo.

Basi tuanze hapa hapa. Andika chini jina lako kamili, aliyekupa, na maana yake. Mimi nimeshaanza: Byamungu, kwa y na u. Safari naye ananiambia niwakumbushe, ni a zote tatu… hapana, mbili? Hesabuni wenyewe, yeye anacheka hapa pembeni.