Ukaa Uliomo Ndani ya Mkwaju

Vijijini Magu, habari za kuuza kaboni hupokelewa kwa mashaka: hewa inauzwaje? Kwangu mimi, tatizo limeanzia kwenye neno. "Kaboni" ni sahihi, ila haishikiki. "Ukaa" ni ndugu wa makaa na mkaa, na ushahidi wake umo katika kila jiko: kile cheusi kinachobaki mkononi baada ya tanuri kufukuza maji na moshi, sehemu yake kubwa ndiyo ukaa. Jani liliuvuta hewani kama hewaukaa, mti ukaugeuza kuwa shina. Kinachohesabiwa ni mti, si upepo.

Neno jingine ni "tungamotaka", lililozoeleka kwenye mambo ya nishati. Kwa pumba na mabua linafaa, lakini mkwaju uliosimama, unaotupatia ushishi, yaani ukwaju, wa kuungia uji, hauna utaka wowote. Mimi husema "tungamo hai": uzito wa mti mzima, maji yakiwa yametolewa.

Utaupimaje uzito huo bila shoka? Hiyo ndiyo kazi ya alometria, yaani hesabu ya uwiano kati ya unene wa mti na uzito wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliangusha miti ya miombo, wakaipima kipande kwa kipande, wakachimba hata mizizi, ili sisi wengine tutumie utepe tu.

Utepe huzungushwa meta 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Mti ukigawanyika chini ya hapo, kila shina hupimwa peke yake. Kwenye ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga kwa ajili ya kiangazi, miti mingi imechipua upya kutoka visikini, kwa hiyo kanuni hii haina mzaha.

Tuseme mzingo wa mkwaju ni sentimita 157. Gawanya kwa 3.14, upate kipenyo cha 50. Kwa urefu wa meta 12 na mbao ya gramu 0.75 kwa kila sentimita ya ujazo, kanuni ya Jérôme Chave na wenzake ya 2014, iliyotungwa kwa miti ya tropiki, inatoa takriban tani 1.2 za tungamo hai juu ya ardhi. Asilimia 47 ya hizo ni ukaa, kama kilo 560. Ukizidisha kwa 44 na kugawanya kwa 12, maana hewaukaa hubeba na oksijeni, unafikia tani 2 za hewaukaa.

Mti ni ule ule, lakini kilo 560 na tani 2 si malipo mamoja. Mkataba unaosema "kaboni" bila kufafanua ni ipi kati ya hizo mbili, mkutano wa kijiji usiupitishe.