Mama Alizaliwa Lini?

Kila siku kazini hapa Maryland, swali langu la kwanza kwa mgonjwa ni tarehe ya kuzaliwa. Mzee wa kutoka nyumbani akijibu "Januari mosi", huwa nashuku kwamba tarehe hiyo aliijaza karani. Hata pasipoti ya mama yangu inasema 1 Januari 1957.

Chanzo ni sheria. Mwaka 1920 serikali ya Waingereza ilitunga Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo ya Tanganyika. Ilikuwa lazima kumsajili mtoto ambaye mzazi wake, hata mmoja tu, alikuwa na asili ya Ulaya, Marekani au Asia. Mtoto wa Mwafrika hakuwekewa lazima hiyo. Kwa majirani zetu Kenya, Wazungu walianza kusajiliwa mwaka 1904. Waafrika walianza kulazimishwa mwaka 1963, wilaya kwa wilaya, hadi nchi nzima ilipofikiwa mwaka 1971. Ndiyo maana bendera yetu ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, wengi walioishangilia hawakuwa na cheti cha kuzaliwa.

Hata hapa tunapoishi, madaftari yana historia yake. Virginia ilianza kusajili vizazi mwaka 1853. Watoto wa watumwa waliandikwa, lakini chini ya jina la bwana aliyewamiliki. Wajukuu wao leo huanza kumtafuta bwana ndipo wampate bibi yao.

Lakini kukosa cheti si kukosa historia. Bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akisema: "Mama yako nilimzaa wakati wa mavuno, mwaka ule TANU ilipoanza." TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mjomba alipokwenda parokiani, daftari la ubatizo lilionyesha Septemba 1954. Bibi alikuwa sahihi. Pasipoti ndiyo iliyokosea kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa muuguzi hilo si jambo dogo, maana vipimo na dozi nyingine hufuata umri.

Siku hizi mambo ni afadhali. Kupitia mpango wa RITA ulioanzia Mbeya mwaka 2013, watoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa kwa simu ya mkononi na kupewa cheti bila malipo. Wazee wetu hawakuipata bahati hiyo.

Basi watoto wetu, leo baada ya pilau, kaeni na babu na bibi. Waulizeni: Ulizaliwa masika au kiangazi? Nani alikutangulia, nani alikufuata? Mkunga alikuwa nani? Ulianza darasa la kwanza mwaka gani? Operesheni Vijiji ya 1974 ilikukuta wapi? Andikeni majibu pamoja na jina la aliyewaambia.

Mimi nilichelewa. Bibi alifariki kabla sijamuuliza kuhusu wajomba zangu watatu waliokufa wakiwa wadogo. Hakuna daftari lenye majina yao.