Maji ya Chato na Idhini ya Cairo

Chato ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria, upande wa kusini-magharibi, katika nchi ya Wazinza na Wasukuma. Kwa hesabu ya utawala ilikuwa sehemu ya Biharamulo hata ilipofanywa wilaya mwaka 2005, na mwaka 2012 ikatiwa katika mkoa mpya wa Geita. Kwa hesabu ya maji, Chato ni sehemu ya nchi iliyo kubwa kuliko mkoa wowote. Maji ya ziwa lake hutoka penye Jinja, hupita Uganda, hupotea kwa wingi katika vinamasi vya Sudan Kusini, hukutana na Naili ya Buluu mjini Khartoum, na masalio yake hufika Misri. Kwa sababu ya safari hiyo mtu wa Chato na mtu wa Cairo, wasiojuana kwa sura wala kwa lugha, wamefanywa majirani. Na swali la nani ateke, kwa kiasi gani, na kwa idhini ya nani, limekuwa jambo la siasa za mataifa kwa muda wa karibu miaka mia.

Swali hilo lilipata jibu la maandishi tarehe 7 Mei 1929, katika barua zilizobadilishwa kati ya Mohamed Mahmoud Pasha, Waziri Mkuu wa Misri, na Lord Lloyd, Kamishna Mkuu wa Uingereza mjini Cairo. Ilikubaliwa ya kuwa, bila kibali cha Serikali ya Misri, isifanywe kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme katika Naili, katika matawi yake, wala katika maziwa yatokeamo maji yake, ndani ya Sudan na nchi zilizotawaliwa na Uingereza, ikiwa kazi hiyo ingepunguza maji yaendayo Misri, au kubadili wakati wa kufika kwake, au kushusha kina chake. Tanganyika haikutajwa kwa jina, lakini ilinaswa na maneno hayo.

Kila upande ulikuwa na haja yake. Misri ilitaka salama ya mashamba yake. Uingereza ilitaka pamba ya Gezira nchini Sudan na utulivu katika njia ya Suez. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, iliyowekwa mikononi mwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa ili itunzwe kwa faida ya wenyeji wake. Na katika shauri hili la maji yao wenyeji hawakuulizwa neno. Wala haiwezi kusemwa ya kuwa maji ya kusini mwa ziwa hayakuwa na kazi iliyofikiriwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wataalamu wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuchungua namna ya kuyapeleka katika nyika ya Wembere ili pamba ilimwe huko. Lakini wahenga wamesema, asiyekuwapo na lake halipo.

Nchi ya kwanza kuyatilia shaka mapatano hayo ilikuwa Sudan, nchi ya Kiarabu na jirani wa karibu wa Misri. Ilipopata uhuru mwaka 1956 ilikataa kuyakiri kama yalivyokuwa, na ugomvi ukaendelea hata tarehe 8 Novemba 1959, nchi mbili hizo zilipotia sahihi mkataba mpya mjini Cairo. Wastani wa maji yapitayo Aswan kwa mwaka ulihesabiwa kuwa mita za ujazo bilioni 84. Misri ilipewa bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5, na bilioni 10 zikaachiwa jua, kwa kuwa ndicho kiasi kilichotarajiwa kupotea kwa mvuke katika hodhi la bwawa kuu. Ukijumlisha tarakimu hizo tatu, hapana tone lililobaki. Mkataba ulisema tu ya kuwa nchi nyingine za mto zikidai fungu, Misri na Sudan zitashauriana kwanza, na fungu hilo likikubaliwa litakatwa sawasawa katika mafungu yao. Siku kumi kabla ya sahihi hizo, tarehe 29 Oktoba, alizaliwa Chato mtoto aliyeitwa John Pombe Magufuli. Alizaliwa kando ya maji ambayo hesabu yake ilikuwa karibu kufungwa mbali na kwao.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Julius Nyerere aliuarifu Umoja wa Mataifa ya kuwa mikataba iliyofungwa na Uingereza kwa ajili ya nchi hiyo ingeendelea kwa muda wa miaka miwili, ili itazamwe mmoja mmoja. Na ule ambao haungekubaliwa upya, wala haukusimama juu ya desturi ya sheria za mataifa, ungehesabiwa kuwa umekwisha. Shauri hili likajulikana ulimwenguni kwa jina lake. Kwa maji ya Naili muda huo haukungojwa. Tarehe 4 Julai 1962, wakati ambapo Rashidi Kawawa alikuwa Waziri Mkuu, Serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mapatano ya 1929 hayaifungi.

Barua hiyo ilikuwa na sehemu mbili, na mara nyingi hukumbukwa ya kwanza tu. Sehemu ya kwanza ilikataa. Sehemu ya pili ilikiri ya kuwa maji yatokayo ziwani yana thamani kwa mataifa yote ya mto, ikasema kwamba Tanganyika i tayari kukaa na wengine wakati ufaao ili wapatane juu ya mgawanyo wa haki. Misri ilijibu mwaka 1963 ya kuwa mapatano ya zamani yangali na nguvu mpaka yapatikane mengine. Hivyo kila upande ulishika neno lake. Urafiki haukuvunjika kwa hayo: Gamal Abdel Nasser alizuru Dar es Salaam mwaka 1966, na mwaka 1967 Misri, Sudan, Kenya, Uganda na Tanzania ziliingia pamoja katika kazi ya kupima mvua na maji ya maziwa ya juu.

Hapa pana fumbo linalostahili kufikiriwa na kila mwanafunzi wa siasa. Mwezi Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo, mji ule ule wa mapatano ya maji, na kwa shauri la Nyerere wakaazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Moroko na Somalia hazikulikubali azimio hilo, lakini nchi nyingi zililipokea. Mipaka ilikuwa kazi ya Wazungu, nayo mapatano ya maji yalikuwa kazi ya Wazungu. Yawezekanaje basi mtu yule yule aupokee urithi mmoja na kuukataa wa pili? Wanasheria wa Misri walilishika swali hili kwa nguvu. Kwa maoni yao haki ya maji hushikamana na ardhi kama mpaka ushikamanavyo nayo. Mtawala akibadilika, ardhi haibadiliki, na haki iliyo juu yake haiondoki.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana sheria za mataifa hutofautisha kweli kati ya mkataba wa ardhi na mkataba wa watawala. Na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1978 juu ya urithi wa mikataba uliitambua tofauti hiyo. Lakini jibu la Tanganyika lilikuwa katika ridhaa. Mipaka ya zamani ilithibitishwa na watu huru, waliokaa katika baraza lao wenyewe na kukubali kwa vinywa vyao, wakijua ya kuwa kuigusa kungeleta vita. Mapatano ya 1929 hayakupata uthibitisho wa namna hiyo hata siku moja. Aliyeupokea mpaka aliupokea kwa hiari; aliyeyakataa mapatano ya maji alikataa kutiwa sahihi na mtu mwingine. Kwa hiyo matendo mawili yaliyoonekana kupingana yalikuwa na asili moja.

Haki yataka hoja ya Misri itazamwe pia kwa jicho la mwenye kiu. Mvua ya Misri ni haba mno, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za maji yake matamu hutoka katika mto huu mmoja. Taifa lililo katika hali hiyo huogopa hata habari ya bwawa. Lakini hofu yaweza kuelekezwa mahali pasipo pake. Maji mengi yafikayo Aswan, yaani karibu asilimia 85, hutoka katika milima ya Ethiopia. Naili Nyeupe, itokayo katika maziwa, huleta sehemu ndogo, ijapokuwa ina sifa ya kutiririka mwaka mzima. Tena karibu nusu ya maji yake hupotea katika vinamasi vya Sudd kabla ya kufika Khartoum. Ndoo ya Chato, hata bomba la Chato, haliwezi kuonekana katika vipimo vya Aswan. Katika ukingo wa ziwa Misri ilikuwa ikilinda kanuna zaidi ya maji: ikiachwa kanuna huku, ilihofiwa kuwa haitashikika kule Ethiopia.

Barua ya 1962, hata hivyo, haikumpa mtu maji. Kwa miaka zaidi ya arobaini miji ya bara iliyo kusini mwa ziwa, ikiwamo Shinyanga na Kahama, iliendelea kuona ukame na ziwa halikuwa mbali. Kazi kubwa za maji zahitaji mikopo, nayo Benki ya Dunia ina kanuni ya kutaka nchi nyingine zenye mto huo zipewe habari kabla ya fedha kutolewa. Hivyo neno la Cairo lililokataliwa mlangoni liliweza kuingia kwa dirisha la mkopeshaji. Umaskini nao ulifanya kazi yake: haki isiyokuwa na fedha hubaki ndani ya jalada.

Mambo yalibadilika Serikali ilipoamua, wakati Edward Lowassa alipokuwa Waziri wa Maji, kuyavuta maji ya ziwa kutoka Ihelele katika Mkoa wa Mwanza hadi Kahama na Shinyanga kwa fedha ya nchi yenyewe. Kibali hakikuombwa. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009 na Rais Jakaya Kikwete, na baadaye bomba likaendelezwa hata Nzega, Igunga na Tabora. Uzito wa jambo hili waonekana katika ramani. Mto Manonga, upitao kusini mwa Shinyanga, huelekea nyika ya Wembere wala si ziwani; yaani maji yanywewayo huko hayarudi tena Naili. Kwa maneno ya 1929 tendo hilo lingekuwa na hatia dhahiri. Lilitendeka, na Misri haikupungukiwa na shamba.

Sehemu ya pili ya barua ya 1962, ile ya kualika mazungumzo, nayo haikufa. Mwezi Februari 1999 mawaziri wa nchi za mto walikutana Dar es Salaam wakaanzisha ushirikiano wa Bonde la Naili, makao yake yakawa Entebbe. Tarehe 14 Mei 2010, huko Entebbe, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilitia sahihi mkataba mpya. Kenya na Burundi zikafuata. Ugomvi ulikuwa juu ya kifungu kimoja. Nchi za juu zilikubali kutodhuru kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa jirani. Misri na Sudan zilitaka yaongezwe maneno ya kulinda matumizi na haki zilizokwisha kuwapo, yaani tarakimu za 1959. Nchi mbili hizo hazikutia sahihi. Tanzania iliuthibitisha mkataba mwaka 2015, na Sudan Kusini ilipojiunga mwaka 2024, ukaanza kuwa na nguvu tarehe 13 Oktoba mwaka huo.

Katika miaka hiyo Chato yenyewe iliingia katika habari za mataifa. Yule mtoto wa 1959 alikuwa Rais wa Tanzania tangu 2015. Mwezi Agosti 2017 alimpokea Dar es Salaam Rais Abdel Fattah el-Sisi wa Misri, na mwezi Desemba 2018 kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, zilipewa kazi ya kujenga bwawa la umeme la megawati 2,115 katika Mto Rufiji. Arab Contractors ndiyo iliyoshiriki kulijenga bwawa kuu la Aswan. Rufiji huenda Bahari ya Hindi, na kwa hiyo Misri ilisaidia kuzuia mto ambao haukuihusu hata kwa tone. Kisha tarehe 25 Januari 2021, wakati Ethiopia ilipokuwa imekwisha kuanza kulijaza bwawa lake katika Naili ya Buluu, na Cairo ikilalamika, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alipokewa Chato. Magufuli alifariki mwezi Machi mwaka huo, akazikwa Chato. Na bwawa la Ethiopia likazinduliwa mwezi Septemba 2025.

Wako wanaoona katika mapokezi hayo mawili ujanja wa kula na kila upande. Lakini historia ya barua ya 1962 yatoa maana iliyo bora. Nchi iliyokataa kufungwa na sahihi ya mwingine haikulazimika kumfanya Mmisri adui, wala kumwombea Mhabeshi ushindi. Ilitakiwa tu kumkaribisha kila mmoja barazani kwa hiari yake. Ridhaa, hata hivyo, hudai pande zote mbili. Mkataba wa 2010 una nguvu juu ya waliouridhia, nao hauwezi kuwafunga Misri na Sudan, kwa hoja ile ile iliyoiweka Tanganyika huru na mapatano ya 1929. Mwenye kuitumia hoja hiyo alipokuwa mnyonge hana budi kuiheshimu apatapo nguvu. Nusu ya kwanza ya barua imetimizwa kwa mabomba; nusu ya pili ingali inangoja watu wa Cairo na wa Khartoum.