Rimoti Ilizaliwa Kunyamazisha Matangazo, Leo Yenyewe ni Tangazo

Hebu shika rimoti ya TV yenu uiangalie vizuri. Kama TV ni mpya, kuna uwezekano utapata vibonye vyenye majina ya kampuni za filamu. Hata kama huzilipii hizo huduma, kidole chako kinapita hapo kila siku. Hilo ni bango la matangazo, na umelishika mkononi.

Kinachochekesha ni vile mambo yalianza. 1950 kampuni ya Zenith, Marekani, ilitoa rimoti ya waya iliyoitwa Lazy Bones, yaani mvivu. Watu wakawa wanajikwaa kwa huo waya. 1955 injinia wao Eugene Polley akaunda Flash-Matic, kama tochi: unamulika kona ya skrini, TV inatii. Shida ni kwamba jua likiingia dirishani, nalo linaamrisha TV. 1956 Robert Adler akaleta Space Command, bila betri. Ukibonyeza, kinyundo kinagonga kifimbo cha alumini, kinatoa sauti ambayo TV inasikia na wewe husikii.

Na mkubwa wa Zenith, Eugene McDonald, hakupenda matangazo hata kidogo. Flash-Matic iliuzwa kwa ahadi kwamba utayanyamazisha ukiwa umeketi. Rimoti ilikuwa silaha ya mtazamaji!

Sasa kuja kwa kompyuta ya sebuleni. 2002 Microsoft ilitoa Windows XP Media Center Edition, na rimoti yake ikawa na kibonye cha kijani. Lakini 2015 Windows 10 ikaja bila Media Center. Kampuni ikichoka, na wewe umechoka.

Upande ule mwingine, wapenzi wa Xbox waliandika programu ya bure, XBMC, ambayo 2014 ilibadilishwa jina ikawa Kodi. Iko hadi leo, kwa sababu hakuna bosi mmoja wa kuizima. Kwa Linux kuna LIRC: ukiwa na kipokezi cha infraredi, unachukua hata rimoti ya video iliyokufa kitambo na kuamua kila kibonye kifanye nini. Na Raspberry Pi inaelewa rimoti ya TV kupitia waya ule ule wa HDMI.

Najua mtasema, "Mathe anataka taarifa ya saa moja tu, si hizo hesabu zako." Sawa kabisa. Ndio maana unaiseti mara moja, unamwachia vibonye vitano anavyovijua, basi.

Mimi naona kama pesa ya TV ilitoka mfukoni mwetu, sisi ndio tuseme kibonye kinafungua nini. Kama kuna kompyuta kuukuu inakula vumbi kwenu, anza na hiyo. Na kama tayari umejaribu, niambie: kibonye gani ulikipa kazi mpya?